Mota inanguruma bila kuzunguka? Anza na kontakta

Hivi karibuni nilifika Sekenke, wilayani Iramba, kwenye karasha moja ya wachimbaji wadogo. Mota ilikuwa imeungua kwa mara ya pili. Mara ya kwanza mwenye karasha aliilipia ikasukwa upya, ikapiga kazi wiki chache, kisha ikaanza tena kunuka. Mawe yamelala kwenye viroba, vijana wamekaa kivulini, na kila mmoja ana mtuhumiwa wake. Huyu anasema umeme mdogo, yule anasema msuka mota alipunguza waya.

Fundi aliyekuja hakuigusa mota kwanza. Alizima umeme, akafungua boksi la stata ukutani, akatoa kontakta na kunionyesha vipande vya kugusana vilivyomo ndani. Njia mbili zilikuwa na uchakavu wa kawaida. Ya tatu ilikuwa imeliwa hadi karibu na shaba.

Nikaona tulizungumze hili, kwa sababu wanaotupigia simu kuhusu mashine za kusaga, za kukamua alizeti na pampu za maji wanaeleza tatizo lile lile.

Kontakta ni swichi kubwa inayovutwa na sumaku. Ukibonyeza kitufe cha kijani, umeme unaingia kwenye koili, koili inakuwa sumaku, inavuta kipande cha chuma, na pointi tatu zinagusana kwa pamoja, moja kwa kila njia ya umeme. Ukibonyeza chekundu, springi inaziachanisha. Kila zinapogusana na kuachana panaruka cheche, na mota inapoanza huvuta umeme mara sita hadi nane ya ule inaotumia ikishazunguka. Ndiyo maana pointi hutengenezwa kwa fedha iliyochanganywa na madini mengine ili zivumilie. Zinavumilia, lakini zinakwisha.

Sekenke dhahabu inachimbwa tangu enzi za Wajerumani, mwaka 1909, na mahali pa kuvunjia mawe hapakosi vumbi. Vumbi la mawe ni gumu na halipitishi umeme. Likiingia kati ya pointi, mguso unakuwa mbovu, joto linapanda, na pointi inaliwa haraka zaidi. Unga wa mashine ya kusaga nao unaleta shida ya namna hiyo, na mijusi wanaopenda joto la boksi ni shida nyingine.

Sasa, pointi moja isipopitisha umeme, mota ya njia tatu inabaki na njia mbili. Ikiwa imesimama, itanguruma tu bila kuzunguka. Ikiwa tayari inazunguka, itaendelea, na hapa ndipo inapodanganya watu: njia mbili zilizobaki zinabeba umeme kama mara 1.7 ya kawaida kwa mzigo ule ule. Ovalodi ipo ili ikate umeme hali hiyo ikitokea. Pale Sekenke ilikuwa imezungushwa hadi namba ya mwisho, kwa sababu "ilikuwa inasumbua kukata kata". Kumbe ilikuwa inasema kweli.

Wewe mwenye mashine unaweza kugundua mengi kwa masikio na pua bila kushika waya. Kontakta inayotetemeka na kulia kama nyuki mara nyingi inapata umeme hafifu kwenye koili, au ina uchafu kwenye uso wa sumaku. Harufu ya plastiki iliyoungua inaonyesha skrubu iliyolegea au pointi inayochemka. Kama stata yako ni ya sta-delta na mota inaanza vizuri, kisha inanguruma au kukata pale inapobadilisha, kontakta ya delta ndiyo ya kushukiwa kwanza. Na ukibonyeza kitufe chekundu mota isisimame, inawezekana pointi zimeshikana kwa joto. Hiyo ni hatari kubwa kuliko zote. Zima meni swichi, na mtu asisogeze mkono kwenye karasha.

Kufungua boksi ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Lakini simama naye uone anavyofanya. Kwanza azime meni swichi na kuifunga kwa kufuli, maana kijana aliye upande wa pili anaweza kuiwasha bila kujua. Kisha apime kuhakikisha njia zote tatu hazina umeme. Kupima pointi kwa mita zikiwa hazina mzigo hakutoshi: pointi mbovu inaweza kuonekana nzima, kwa sababu mita inapitisha umeme kidogo mno. Kipimo chenye majibu hufanyika mota ikifanya kazi, mita ikiwa pande mbili za kila pointi. Nzima itaonyesha karibu na sifuri. Ikiwa moja inasoma nusu volti na wenzake hawasomi kitu, amepata jibu. Hicho ni kipimo cha umeme ulio hai, si cha kujaribu mwenyewe hata kama umeona video kwenye simu.

Jambo linaloniudhi kidogo ni tupa na msasa. Wengi wakiona pointi nyeusi wanasugua. Ule weusi wa fedha bado unapitisha umeme, wala si ugonjwa. Ukisugua unaondoa fedha yenyewe na kuacha mikwaruzo inayozidisha cheche. Pointi iliyoliwa au kuyeyuka inabadilishwa, na zibadilishwe zote tatu.

Ukienda dukani, angalia maandishi ubavuni. Kontakta moja inaweza kuandikwa ampea 32 mahali penye AC-1 na ampea 18 mahali penye AC-3. Ya mota ni AC-3. Mota ya kilowati 7.5, yaani nguvu za farasi 10, hutumia kama ampea 15 kwa volti 400, kwa hiyo hiyo inaitosha. Ukidanganywa na ile 32 ukaifunga kwenye mota kubwa zaidi, utarudi dukani mapema. Soma pia volti za koili: ya 230 ukiiunga kwenye 400 inaungua papo hapo.

Yule mwenye karasha alinunua kontakta mpya, na fundi akarudisha ovalodi kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Mota yenyewe ilipakiwa kwenye bodaboda kwenda kusukwa tena.