Watumishi wa Vyuo na Unene Uliokithiri

Mwika haina tambarare. Mzee aliyelima kihamba alipanda na kushuka kila siku, begani mkungu wa ndizi au mzigo wa majani ya ng'ombe, hata bakuli la machalari halikupata nafasi ya kugeuka mafuta mwilini. Mtumishi wa chuo kikuu leo anakula bakuli lile lile, lakini hupanda kilima kwa bodaboda, hukaa kitini tangu asubuhi hadi alasiri, na saa nne huletewa chai ya sukari, chapati na sambusa.

Tatizo si la Mwika peke yake. Miongoni mwa wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, waliozidi uzito au kuwa na unene uliokithiri walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, wakafikia 28 mwaka 2015–16.

Kujipima ni rahisi: gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 82 na mita 1.65 hupata 30, na hapo ndipo unene uliokithiri unapoanzia. Futi ya fundi cherehani nayo yafaa. Kiuno kinachozidi sentimita 102 kwa mwanamume, au 88 kwa mwanamke, huashiria hatari kubwa ya kisukari na maradhi ya moyo.

Lipo jambo ambalo vipeperushi vyetu hulinyamazia. Kwetu kitambi ni cheo, na tangu Ukimwi uingie, anayepungua hunong'onwa. Kwa wengi, maneno ya ofisini huumiza kuliko njaa. Mhudumu wa afya, kabla ya kumpa mgonjwa orodha ya vyakula, mwulize kwanza wenzake watasema nini.

Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2002 liliwahusu watu waliokaribia kupata kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Kwa mtu wetu wa kilo 82, hizo ni kilo 6 hivi, na nusu saa ya kutembea siku tano. Mwenye maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.

Lakini mtumishi hawezi peke yake kuibadili meza ya ofisi. Mwajiri anaweza kuanza na birika: chai ichemshwe bila sukari, bakuli la sukari liwekwe kando, kila mtu ajitilie.