Walimu wa Kimarekani Katika Japani
Tangu mwaka 1987 serikali ya Japani huwaleta vijana wa ng'ambo, Wamarekani wakiwa ndio wengi, kusaidia kufundisha Kiingereza mashuleni. Mume na mke waendao pamoja hukumbana kwanza na nyumba: mwenyewe aweza kudai reikin, yaani kilemba kisichorudishwa, mbali na kodi na amana. Viatu huvuliwa mlangoni. Taka huchambuliwa, kila aina na siku yake. Shuleni wanafunzi ndio wafagiao madarasa, desturi inayowashangaza Wamarekani kuliko itakavyomshangaza msomaji wetu.

Mkataba lakini ni wa mwaka mmoja mmoja, usiozidi miaka 5. Na mtoto wao akizaliwa huko hapati uraia wa Japani, hata kama neno lake la kwanza litakuwa la Kijapani.