Ruhusa ya Kuandika Katika Diski ya Pamoja: Suala la Ufundi na la Uwakili

Utangulizi

Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, katika nchi ya Saksonia, ulijiwekea utaratibu wa kasha la pamoja, nao Martin Luther akauandikia dibaji. Kasha hilo lilipaswa kuwa na kufuli nne zenye funguo tofauti, zilizogawanywa kwa makabaila, baraza la mji, raia wa mjini na wakulima wa vijijini. Mali iliyokuwamo ilikuwa ya wote, lakini hakuna aliyeweza kulifungua peke yake.

Siku hizi hati za usharika, za dayosisi au za chuo huweza kutunzwa katika diski ya pamoja, yaani sehemu ya seva inayofikiwa na kompyuta nyingi kwa njia ya mtandao. Humo huwekwa rejesta za ubatizo, mihtasari ya vikao, hesabu za sadaka na tasnifu za wanafunzi. Tatizo linalojitokeza mara kwa mara ni kwamba mtumishi hufungua faili na kuisoma bila shida, lakini anapotaka kuhifadhi masahihisho yake huambiwa kwamba hana ruhusa. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya tatizo hilo, njia ya kulitatua, na kwa nini dawa iliyo rahisi kuliko zote haifai.

1. Milango miwili

Katika seva ya Windows, anayeingia kwa njia ya mtandao hupita milango miwili. Wa kwanza ni ruhusa za mtandao, zinazowekwa wakati folda inaposhirikishwa. Wa pili ni ruhusa za diski yenyewe, zinazotunzwa na mfumo wa mafaili uitwao NTFS, uliotolewa pamoja na Windows NT mwaka 1993. Milango yote miwili sharti ikubali, na ule ulio mkali zaidi ndio unaoamua. Msimamizi akitoa ruhusa ya kuandika katika NTFS, huku mlango wa mtandao ukibaki wa kusoma tu, mtumiaji atasoma tu. Aketiye mbele ya seva yenyewe hupita mlango wa pili peke yake. Kwa hiyo, ikiwa mtumiaji yuleyule anaweza kuandika pale lakini hawezi akiwa ofisini kwake, yafaa kuchunguza mlango wa kwanza kabla ya mengine.

Hali hufanana katika Linux yenye programu ya Samba. Folda inayoshirikishwa huwa ya kusoma tu mpaka msimamizi aagize vinginevyo, na baada ya hapo bado kuna ruhusa za Linux zilizogawanywa kwa mwenye faili, kikundi chake na watu wengine.

2. Vikundi na makatazo

Ruhusa za mtumiaji hujumlishwa kutoka katika vikundi vyote alivyomo. Lakini katazo lililowekwa waziwazi hushinda ruhusa. Katibu aliyeruhusiwa kupitia kikundi cha ofisi atazuiwa ikiwa yumo pia katika kikundi kilichokatazwa. Tena, aliyeongezwa katika kikundi leo haoni badiliko mpaka atoke na kuingia upya, kwa sababu orodha ya vikundi vyake huandaliwa anapoingia. Vilevile faili iliyohamishwa ndani ya diski ileile mara nyingi hubaki na ruhusa zake za zamani, ilhali iliyonakiliwa huchukua ruhusa za folda inakopelekwa. Ndiyo maana faili moja huweza kukataa kati ya nyingi zinazokubali.

3. Utaratibu wa kuchunguza

Kwanza, ijulikane kama tatizo ni la mtu mmoja au la wote, la faili moja au la folda nzima.

Pili, ziondolewe sababu nyingine: diski kujaa, faili kuwekewa alama ya kusomwa tu, au mtu mwingine kuwa ameifungua. Programu ya Word huweka faili ndogo ya muda ambayo jina lake huanza na alama ~$. Umeme ukikatika ghafula, faili hiyo huweza kubaki na kuonyesha kwamba hati bado inatumika.

Tatu, utazamwe mlango wa mtandao, kisha wa NTFS. Katika mipangilio ya usalama ya folda, Windows huweza kuonyesha ruhusa halisi za mtumiaji baada ya vikundi vyake kujumlishwa.

Nne, marekebisho yafanywe kwa kikundi, si kwa mtu mmoja mmoja, kisha yajaribiwe kwa akaunti ya mtumiaji wa kawaida, si ya msimamizi.

4. Dawa isiyofaa

Msimamizi aliyechoka hushawishika kuwapa watu wote mamlaka kamili. Malalamiko hukoma mara moja, lakini mamlaka kamili ni pamoja na kufuta na kubadili ruhusa zenyewe. Kazi za kila siku hutosheka na ruhusa ya kurekebisha. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder walifafanua kanuni kwamba kila mtumiaji apewe ruhusa zile tu ambazo kazi yake inazihitaji. Virusi vinavyofunga mafaili ili kudai fidia hutumia ruhusa za yule aliyevifungulia. Hivyo upana wa ruhusa zake ndio upana wa madhara. Zaidi ya hayo, tarehe katika rejesta ya ubatizo huweza kubadilishwa pasipo mtu kutambua, na kumbukumbu za mashauri ya kichungaji zikasomwa na wasiohusika.

Hitimisho

Mtume Paulo, katika sura ya nne ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anadai uaminifu kwa kila wakili. Nani aandike katika kitabu gani cha Kanisa si swali la fundi wa kompyuta; ni swali la baraza la wazee au la uongozi wa chuo, na fundi hutekeleza. Inapendekezwa kila chombo kiwe na orodha fupi inayotaja kila folda, wanaosoma na wanaoandika, nayo ipitiwe kila mtumishi anapohamishwa au kustaafu. Pasipo orodha hiyo fundi hubaki akikisia, na mchungaji aliyehamia kwingine miaka mitatu iliyopita huweza kuwa bado anao ufunguo.