Taa Inayojiwasha Yenyewe Jioni

Leo tusemezane juu ya mlango wa parsele yako, kisha jua kuzama.

Sisi wa Goma tuko karibu sana na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua halitudanganyi. Mwaka mzima linazama karibu na saa kumi na mbili, na mbele nusu saa haijaisha giza limekwisha kufunga. Ndiyo saa watoto wanarudi na bidoni za maji, wa mama wanatoka sokoni, vijana wa kwaya wanamaliza mazoezi. Na wewe unayesoma haya Rubaya, Numbi ama Bisie, unajua kwamba kwenye kambi ya wachimbaji choo kiko mbali na nyumba, na binti anayekwenda huko usiku anakwenda na hofu. Sasa nakuuliza: jioni nani anawasha taa ya inje kwako?

Najua wako wapendwa wanaosema, «Bwana ndiye mlinzi, taa ni ya nini?» Soma habari za Nehemia. Alipotishwa na adui aliomba pamoja na watu wake, na papo hapo wakaweka walinzi mchana na usiku. Mimi sioni vita kati ya maombi na ampuli.

Shida kubwa ya taa nyingi ni mkono wa kuiwasha na kuizima. Mlinzi amechelewa, giza limeingia. Ama ameiwasha vizuri, lakini asubuhi amesahau kuizima, nayo inawaka mpaka saa sita mchana ikinywa batri bure. Siku ya tatu batri imekufa. Usiku wa ine parsele ni giza tupu, na wezi hawakupewa taarifa ila wanajua.

Kwa sababu hiyo kuna swichi ya mwanga: jua likizama inawasha, jua likitoka inazima. Ndani yake kuna kidonge kidogo chenye mistari iliyojikunja kama mnyoo. Kitu hicho kinapitisha umeme vizuri kikiona mwanga, na kinakataa kikiwa gizani. Mwingereza mmoja, Willoughby Smith, fundi wa simu za waya za chini ya bahari, alieleza jambo hili mwaka wa 1873. Alikuwa anapima waya kwa vipande vya madini yaitwayo seleni, akaona vipimo vinabadilika mwanga ukivipiga. (Wachimbaji wetu, mnaona: hata jiwe linaweza kufanywa jicho.) Siku hizi vidonge vingi vimetengenezwa kwa kadimi na kiberiti. Kwenye mwanga mkali ukinzani wake unashuka mpaka omu elfu moja hivi ama chini yake. Gizani unapanda mpaka milioni. Vifaa vidogo vya ndani vinaangalia badiliko hilo, kisha vinafunga rele. Ukisogeza sikio utasikia inasema «tak».

Mbele ya kwenda kununua, tazama kwanza regulateri ya pano yako ya jua kama unayo. Nyingi zina mahali pa kufungia taa, na unaweza kuzipanga ziwashe taa giza likiingia. Hapo pano yenyewe ndiyo jicho: isipotoa umeme tena, regulateri inajua kwamba ni usiku. Kama yako inafanya hivyo, acha mafranga yako mfukoni.

Kama huna, nunua swichi iliyoandikwa volti 12. Fungua macho, sababu kwenye maduka nyingi ni za volti 220, za umeme wa SNEL ama wa Virunga. Ya 220 ukiifunga kwenye batri haitafanya kitu. Ya 12 ukiifunga kwenye 220 itaungua, na inaweza kukuunguza wewe pia. Kazi ya 220 mwachie fundi aliyejifunza. Hii ya 12 kijana mwenye akili tulivu anaweza kuifanya, na ina faida yake. Januari 2025, wakati wa mapigano, Goma ilikaa siku kadhaa bila umeme wa mjini. Mwenye batri yake na pano yake hangoji waya wa barabarani utengenezwe.

Namna ya kufunga

Watu wanakosea hapa sababu wanazoea swichi ya ukutani yenye waya mbili. Hii ina tatu. Ya kwanza ni ya kuingiza: inapokea chanya kutoka batri. Ya pili ni ya hasi, na inakwenda kwenye hasi ya batri, kwani swichi yenyewe inahitaji umeme kidogo ili ikeshe. Ya tatu ni ya kutokea: inakwenda kwenye chanya ya ampuli. Hasi ya ampuli inarudi kwenye hasi ya batri. Usiamini rangi peke yake, kila kiwanda kina rangi zake. Fuata mchoro ulioko juu ya swichi ama kwenye boksi lake.

Ukibadilisha waya wa kutokea na ule wa hasi, mchana utaona kila kitu kimetulia. Jioni rele ikifunga, chanya inagusana na hasi moja kwa moja. Watu husema volti 12 haiui. Ni kweli kwamba ukiigusa kwa mkono mkavu kwa kawaida husikii kitu, lakini batri ya gari ina nguvu ya kufanya waya uwe mwekundu kama kaa la makala, na nyumba zetu nyingi ni za mbao. Kwa hiyo weka fizibu, ule uzi mwembamba unaokatika umeme ukizidi. Iweke kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na batri, si karibu na ampuli: waya uliotangulia fizibu haulindwi na kitu. Na fizibu ikikatika usiibadilishe kwa msumari ama kwa karatasi ya sigara. Tafuta kwanza ni nini kilichoikata.

Tufanye hesabu ya ampuli ine za LED, kila moja wati 10. Jumla ni wati 40. Gawanya kwa 12, unapata ampea 3 na kitu. Fizibu ya ampea 5 inatosha, na swichi ya ampea 10 itafanya kazi bila kuchoka. Kwa saa 12 za usiku, wati 40 zinakula wati-saa 480. Batri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inabeba 1200, lakini ile ya risasi na asidi usiishushe chini ya nusu, kama unataka ikae nawe. Utabakia na 600 za kutumia, na hiyo inatosha kwa usiku mmoja. Pano iwe ya wati 150 mpaka 200, sababu majira ya mvua mawingu yanatubania jua.

Waya nao una kodi yake. Tuseme ampuli ziko mita 20 kutoka batri. Ukivuta waya mwembamba wa milimita mraba 1,5, umeme unapita mita 40 kwenda na kurudi, na unapoteza volti moja na nusu njiani. Ampuli za mwisho zitasinzia. Waya wa milimita mraba 4 unapoteza kama nusu volti tu.

Kuchimba mfereji kwenye mawe ya volkano si kazi ya mchezo. Pitisha waya ndani ya tiyo ya plastiki, uufunge kando ya ukuta. Swichi nayo iweke ili waya ziingie kwa chini, na uache waya ujipinde kidogo mbele haujaingia, ili maji ya mvua yadondoke hapo. Moshi wa Nyiragongo unatia asidi katika mvua. Maungio yaliyoachwa wazi yanashika kutu haraka.

Jicho litazame wapi

Ukikosa hapa, kazi yote inageuka kichekesho. Swichi ikiona ampuli yake yenyewe, jioni itawasha, itadhani ni asubuhi, itazima, itaona giza, itawasha tena, hivyo hivyo usiku kucha. Rele haivumilii maisha ya namna hiyo. Iweke juu ya ampuli ama nyuma ya ukuta, ikitazama mbingu wazi, mbali na taa ya jirani na ya barabara. Usiifiche chini ya mabati, la sivyo itawasha saa tisa mchana wingu likipita. Na uifute vumbi mara kwa mara, kwani jicho chafu linaona usiku mapema.

Papa wa nyumba, neno moja kwako. Nimetembelea parsele nyingi, naona taa nzuri inaangaza gari ama mlango wa saluni, na njia ya choo na ya bomba ni giza. Mbele ya kupiga msumari, muulize mama na mabinti zako wanaogopa kupita wapi. Kanisani vilevile: ampuli ya kwanza si ya mbele ya nyumba ya mchungaji, ni ya ile njia wanayopita wa mama wakitoka kwenye maombi ya jioni.

Ukimaliza kufunga, usingoje usiku. Mchana funika swichi kwa kitambaa cheusi kizito, uvumilie dakika moja ama mbili, kwani nyingine zinachelewa kwa makusudi ili zisidanganywe na wingu. Ukisikia «tak» na ampuli zikawaka, ondoa kitambaa, ngoja zizimike. Kisha jioni, taa zikiwaka zenyewe, mwite binti mdogo kuliko wote atembee mpaka chooni na kurudi, akuambie ni wapi bado haoni mawe ya chini.