Mvua za vuli zinavyoamua chakula Ngara na Biharamulo

MKULIMA wa Ngara au Biharamulo, mkoani Kagera, hapimi mwaka kwa baridi na joto bali kwa mvua. Wilaya hizo ziko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta, hivyo joto la mchana hubadilika kidogo tu kutoka Januari hadi Desemba.

Mara mbili kwa mwaka, ukanda wa mawingu ya mvua unaofuata mwendo wa jua hupita katika eneo hilo. Ukielekea kusini huleta vuli, inayoanza Septemba au Oktoba na kuendelea hadi Desemba. Ukirudi kaskazini huleta masika, kuanzia Machi hadi Mei. Juni hadi Agosti ni kiangazi. Nyasi hukauka, na usiku huwa wa baridi katika vilima vya Ngara, ambavyo baadhi vinazidi mita 1,500 kutoka usawa wa bahari.

Wengi hudhani kuwa Kagera yote hunyeshewa sawa. Sivyo. Pepo zinazovuka Ziwa Victoria kutoka mashariki hubeba unyevu na kuumwaga kwanza katika ufuko wa Bukoba, unaopata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ngara na Biharamulo, zilizo mbali na ufuko huo, hupata takriban nusu ya kiasi hicho.

Kwa sababu hiyo, tarehe ya kuanza kwa vuli ina uzito mkubwa. Kati ya Januari na Februari mvua hupungua. Vuli ikiwahi, maharage huvunwa na kuanikwa katika kipindi hicho. Ikichelewa, ukavu huyakuta mahindi yakitoa maua, wakati yanapohitaji maji zaidi, na mavuno huporomoka.

Bahari za mbali nazo zina mkono wake. El Nino ya mwaka 1997 ilizidisha mvua za vuli Afrika Mashariki, ilhali La Nina mara nyingi huzipunguza.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri kabla ya kila msimu. Hata hivyo, mvua ya kwanza huweza kudanganya: hunyesha siku chache kisha ikakatika, na mbegu zikaozea ardhini au kukauka. Ndiyo maana kaya nyingi hazikosi shamba la mihogo, zao linalostahimili ukame hata maharage na mahindi yanaposhindwa.