Mzee na Pikipiki Yake: Pima Uwezo, Usihesabu Miaka

Katika vijiji vingi vya Tanzania, mzee mwenye pikipiki ndiye anayempeleka mkewe kliniki ya presha, ndiye anayefikisha taarifa ya msiba kitongoji cha pili, na ndiye anayefika shamba la mbali lisilo na njia ya gari. Watoto wanapokuja likizo na kusema, “Baba, umri umekwenda, tuiuze hii pikipiki,” wanagusa mambo hayo yote kwa mpigo mmoja. Katika kazi yangu ya tiba ya viungo nimewaona wazee walionyang'anywa ufunguo wakaishia kukaa barazani mchana kutwa, na baada ya muda hata kutembea kukawa shida. Nimewaona pia wengine ambao macho na magoti yamekwisha kukataa, lakini bado wako barabarani, na familia imenyamaza kwa kuogopa kumvunjia mzee heshima.

Pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinahesabu miaka. Mwili hauzeeki wote kwa siku moja. Mtu wa miaka 72 anaweza kuwa na mikono imara na macho mabovu, na mwenzake wa miaka 60 akawa na macho mazuri na shingo isiyogeuka. La kuuliza ni kama viungo ambavyo pikipiki inavitegemea bado vinafanya kazi yake. Hilo linapimika, na sehemu kubwa inapimika nyumbani.

Mwaka 1967 Burt Munro wa New Zealand, akiwa na miaka 68, aliweka rekodi ya mwendo kasi ya daraja la pikipiki za chini ya cc 1,000. Alikuwa kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, juu ya Indian Scout ya mwaka 1920. Mashine hiyo alikuwa nayo tangu ujana wake, na mbele yake hapakuwa na lori, mbuzi wala mtoto wa kuvuka. Uzee na pikipiki vinakaa pamoja pale mtu anapochagua vizuri chombo, njia na saa ya kusafiri.

Macho

Kufikia miaka 60, mwanga unaofika nyuma ya jicho ni kama theluthi moja tu ya ule unaofika kwenye jicho la kijana wa miaka 20. Mboni imekuwa ndogo na haipanuki vizuri gizani, na lenzi imekuwa ngumu yenye rangi ya manjano. Lenzi hiyo pia hutawanya mwanga. Ndiyo maana lori likija na taa kali usiku, mzee hupoteza uoni kwa muda, na huchelewa kuurudisha kuliko kijana. Mtoto wa jicho akianza, hali huzidi kuwa mbaya. Glakoma nayo, ambayo wengi huiita presha ya macho, hula uoni wa pembeni taratibu bila maumivu: mtu anaona mbele vizuri, lakini bodaboda anayechomoza kutoka kichochoroni hamwoni mpaka amefika.

Nchini Uingereza dereva hutakiwa aweze kusoma namba ya gari akiwa mita 20. Kipimo hicho unaweza kukifanya hapo mtaani. Hesabu hatua 27 hivi za mtu mzima kutoka kwenye gari, kisha soma namba ukiwa na miwani unayoendeshea. Ukishindwa, pikipiki ipumzike hadi umwone mtaalamu wa macho. Glakoma haigunduliki kwa njia hii, kwa hiyo aliyevuka miaka 40 aombe kupimwa presha ya macho hospitalini. Mtoto wa jicho anatibika kwa upasuaji, na huduma hiyo ipo, kwa mfano, KCMC mjini Moshi na CCBRT jijini Dar es Salaam. Wengi wanaofanyiwa hurudi kuona vizuri. Hata hivyo, mwenye macho mazuri naye ahakikishe kwamba saa kumi na mbili jioni pikipiki imeshaingia ndani.

Mwendo

Kwa umri, ubongo huchelewa kidogo kuitambua hatari, kuamua na kuuamuru mkono. Ucheleweshaji huo unaweza kufidiwa, na hesabu yake ni nyepesi.

Tuchukue mfano wa lami kavu na breki nzuri. Kijana anakwenda kilomita 60 kwa saa, mtoto anakatiza mbele, na inapita sekunde 1 kabla mkono haujakamata breki. Amekwisha kwenda mita 17 hivi, na atahitaji nyingine 23 hadi asimame: jumla mita 40. Mzee wa mwendo huohuo akichelewa kwa sekunde 1 na nusu, atasimama mita 48 mbele. Sasa mzee huyohuyo apunguze hadi kilomita 50 kwa saa. Atatumia mita 21 za kutambua na mita 16 za breki, jumla mita 37, na atakuwa amesimama kwa umbali mfupi kuliko kijana. Sababu ni kwamba mwendo ukipungua kwa nusu, umbali wa breki hubaki robo. Kilomita 10 tu za kupunguza zimemrudishia mzee kile ambacho umri ulikuwa umechukua, na zaidi.

Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa, kwa kuwa wakati wa kusimama uzito husogea mbele. Wengi waliojifunzia barabara za vumbi wamezoea ya mguu pekee kwa hofu ya kuteleza. Nenda uwanja mtupu na mkavu, uzifanyie mazoezi zote mbili kwa pamoja, ukiibana ya mbele taratibu kwanza kisha ukiongeza nguvu.

Miguu, shingo na viganja

Pikipiki ya kawaida ya cc 125 au 150 ina uzito wa zaidi ya kilo 100, na ikisimama njiani uzito huo hushikiliwa na mguu mmoja au miwili. Hapo ndipo magoti dhaifu hujulikana. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, kisha simama na kukaa mfululizo kwa sekunde 30. Mwanamume wa miaka 65 hadi 74 asiyefikisha mara 12 ana miguu iliyo chini ya wastani, na hatari yake ya kuanguka ni kubwa. Kwa mwanamke, kiwango ni mara 11 akiwa na miaka 65 hadi 69, na mara 10 akiwa na 70 hadi 74. Jambo la kutia moyo ni kwamba kipimo hiki ndicho zoezi lenyewe: ukikifanya kila asubuhi, misuli ya mapaja hurudi, hata kwa mtu wa miaka 80. Ongeza kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, ukilenga kufika sekunde 10.

Kwa shingo, kaa wima, geuza kidevu kuelekea bega la kulia kisha la kushoto, na jaribu kumwona mtu aliyesimama nyuma yako upande huo. Kama huwezi, saitmira mbili nzima ni lazima, na kukata kona kulia ni pale tu unapokuwa umesimama na kuangalia. Kwa viganja vyenye maumivu, mwombe fundi aupake oili waya wa klachi na kuisogeza mikono ya breki na klachi ifikiwe na vidole bila kunyoosha sana. Pikipiki inayowaka kwa selfu itakuepusha na kupiga kiki.

Angalia pia namna ya kupanda. Gunia la mahindi likiwa nyuma, mguu hauwezi kupita juu ya keria. Mzee huupitisha mbele ya kiti, goti likiwa limekunjwa, huku amesimama kwa mguu mmoja uliokwisha kuchoka. Wakati huo pikipiki haina mwendo wa kuisaidia kusimama, na ikilala, humlalia yeye. Kaa kwanza, mtu mwingine apakie baadaye, na kwenye kushuka mzigo utangulie.

Dawa na kichwa

Mwulize anayekupa dawa: “Nikishameza hii, naweza kuendesha pikipiki?” Piriton na amitriptilini huleta usingizi. Baadhi ya dawa za presha huleta kizunguzungu mtu anaponyanyuka ghafla. Insulini na glibenklamaidi zinaweza kushusha sukari hadi mtu akatetemeka, akatoka jasho na kuchanganyikiwa, kwa hiyo usiendeshe kabla ya kula, na mfukoni usikose glukosi au sukari.

Kubwa kuliko yote ni kichwa. Ubongo hupungua kidogo kwa umri, na mishipa midogo inayouunganisha na utando wa juu hubaki imevutika. Pigo dogo linaweza kuichana, damu ikavuja polepole kwa siku au wiki kadhaa, hasa kwa anayetumia warfarini, klopidogreli au aspirini. Mzee anainuka, anajifuta vumbi, anasema hajaumia. Wiki tatu baadaye anaumwa kichwa, anasahau, anaburuta mguu, na nyumbani wanasema ni uzee. Mpelekeni hospitali haraka, na mwambieni daktari kwamba alianguka, kwa kuwa damu hiyo mara nyingi huweza kuondolewa.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba waendesha pikipiki wa miaka 60 na zaidi waliojeruhiwa walikuwa na uwezekano wa kulazwa ulio mara tatu hivi ya ule wa walio katika miaka ya ishirini na thelathini. Mwili mkongwe hulipa zaidi kwa ajali ileile. Kofia ngumu iliyofungwa kidevuni hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Ivaliwe hata kwa safari ya dukani.

Kuacha kwa ngazi

Si lazima kuacha kuwe kwa siku moja. Acha kwanza usiku na mvua, kisha barabara kuu yenye malori, kisha kubeba abiria. Baadaye hamia chombo chepesi, kama skuta isiyo na gia, au cha magurudumu matatu, na mwisho ndipo ufunguo umfikie mjukuu. Kila ngazi humpa mzee na familia muda wa kupanga nani atampeleka kliniki na nani atafika shambani. Zipo dalili za kushuka ngazi mara moja: kupotea njia unayoijua, kuzimia, au michubuko mipya kwenye pikipiki usiyoweza kuieleza.

Wewe kijana, usianze na ufunguo. Anza hivi: “Shikamoo baba. Naomba kesho twende wote tukapime macho, kisha unifundishe njia ya shamba.” Mzee aliyeshirikishwa katika kipimo hukubali majibu yake.

Nchini Japani, anayefikisha miaka 70 huhudhuria mafunzo maalumu kabla ya kupewa leseni upya, na kuanzia 75 hupimwa pia kumbukumbu na ufahamu. Sisi tunaweza kuanza bila kungoja sheria mpya. Wazee hawa wanafika kliniki za presha na kisukari kila mwezi. Nawaomba wenzangu, wauguzi na matabibu, tuongeze swali moja kwenye kadi: “Mzee, umekuja na usafiri gani?” Akijibu pikipiki, tumsomeshe chati ya macho, tumsimamishe na kumkalisha kwenye kiti kwa sekunde 30, na tuzipitie dawa zake kabla hajawasha kurudi nyumbani. Ni kazi ya dakika chache, na vifaa vyote tayari tunavyo.