Nani Aliufundisha Mpunga Kusubiri?

Haya wajukuu, sogeeni. Leo hakuna sungura wala fisi. Leo ni habari ya mpunga, na mhusika mkuu ni mtu asiyejulikana jina, aliyekufa maelfu ya miaka kabla Mpanda haijaitwa Mpanda.

Mpunga mwitu upo mpaka leo kwenye mabonde ya maji hapa Tanzania. Una tabia moja inayoudhi: punje ikiiva inadondoka yenyewe. Kwa mmea hiyo ni akili, maana mbegu inajipanda bila kumngoja mtu. Kwa mwenye njaa ni hasara tupu. Unafika na kikapu, unakuta chakula chote kimezama matopeni.

Sasa wafikirieni watu wa bonde la mto Yangtze, China, zaidi ya miaka 8,000 iliyopita. Wanavuna mpunga mwitu. Masuke mengi yameshamwaga, ila machache, kwa kasoro ya kuzaliwa nayo tu, yamezishikilia punje zake. Hayo ndiyo yanayofika nyumbani. Mbegu ya mwaka unaofuata inatoka humo humo, na watoto wake nao wanashikilia. Msimu baada ya msimu, mpunga ukawa haumwagi tena, unamngoja mwenye mundu. Hakuna aliyeitisha kikao kupanga jambo hilo. Huko Afrika Magharibi, kando ya mto Niger, watu walifanya vivyo hivyo na mpunga wao wenyewe, wa jamii nyingine, bila kufundishwa na Mchina. Kwa hiyo siku mkitumwa kupiga mpunga, mikono ikauma na punje hazitaki kutoka, mjue mnalipa deni la yule asiye na jina.

Tuje kwetu, kwenye majaruba ya Kakese na Mwamkulu, hapa Mpanda. Mbegu ya mpunga ya Supa mnaijua: ikiwa jikoni, jirani naye anajua. Ubaya wake ni urefu. Ukiitia mbolea inazidi kurefuka, suke linajaa, mvua ya upepo inakuja, shamba zima linalala majini. Watafiti wa Dakawa, Morogoro, wakataka mpunga wenye damu ya Supa lakini usiolala.

Hapo kuna kazi ya mikono myepesi. Ua la mpunga hujichavusha lenyewe ndani ya ganda lake, kwa hiyo lazima uliwahi. Unakata ncha ya ganda kwa mkasi mdogo, unachomoa kwa kibano vifuko sita vya chavua, vyote sita, kisha unalifunika suke hilo la mama kwa mfuko wa karatasi. Maua ya baba yakifunguka asubuhi jua likishapanda, unayakung'uta juu yake. Ua moja, punje moja. Ukikosea, hupati kitu.

Watoto wa kwanza hufanana. Wajukuu ndio vurugu: huyu mrefu ananukia, huyu mfupi hanukii, huyu mfupi anaugua. Unachagua wachache, unapanda, unachagua tena, vizazi sita na zaidi, mpaka watulie na kuzaa waliofanana nao. Mwaka 2002 ikatolewa TXD 306, ambayo sisi wakulima tunaiita SARO 5. Ni fupi, inasimama, inakomaa kwa karibu miezi 4, na ikipata maji na mbolea inajaza magunia. Harufu yake haifikii ya Supa. Mimi nikiambiwa nichague sahani, nachagua Supa. Nikiambiwa nichague shamba la kulipia ada zenu, ni SARO.

Wafugaji nao wanachagua. Katika zizi dume zuri linaachwa, mengine yanahasiwa yawe maksai wa kukokota plau, na ndama wote wanakuwa wa yule mmoja. Ng'ombe aina ya Mpwapwa, wa kule Dodoma, alipatikana kwa kuchanganya zebu wetu na Sahiwal na Red Sindhi wa Asia, Boran, Ankole, na damu kidogo ya Ayrshire wa Uskoti. Ila ng'ombe anataka subira kuliko mpunga. Ndama mmoja anakula miaka kabla hujajua atatoa maziwa kiasi gani.

Mtaniuliza: mbona mbegu ya SARO tunatunza wenyewe, ya mahindi tunanunua? Kwa sababu SARO imeshatulia na inajichavusha. Mahindi chotara, kama UH6303 ya Uyole, ni wale watoto wa kwanza wanaofanana. Ukipanda punje za mavuno yake umepanda wajukuu, nao hutawanyika: huyu gunzi nene, huyu kigunzi cha kuchekesha.

Lakini hata SARO huchanganyika, hasa ikianikwa turubai moja na Supa. Kesho asubuhi piteni jarubani. Mkiona shina refu limewapita wenzake, ling'oeni kabla halijachanua.